Kilomita 11,000 bila platini: kifaa cha moto cha kielektroniki kwenye Peugeot 504

Peugeot 504 ni gari gumu, na waliolishuhudia likishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson hawahitaji kuambiwa. Langu ni la kabureta, lenye injini ya cc 1,971, na kwa miaka yote niliyokuwa nalo kilichonilaza njiani mara nyingi zaidi hakikuwa injini wala gia, bali platini, zile ncha mbili zinazounganisha na kukata umeme ili plagi zitoe cheche. Ndiyo maana niliamua kununua kifaa cha kielektroniki kinachochukua nafasi ya platini na kondensa (kikopo kidogo kinachozuia platini isiungue) ndani ya distributa, sehemu inayogawa moto kwa plagi.

Platini ina maradhi mawili. Kisigino chake husuguliwa na shafti kila inapozunguka, hivyo ule uwazi wa milimita 0.4 kati ya ncha zake hupungua kidogo kidogo, moto (yaani cheche ya plagi) ukachelewa na gari likakosa nguvu mlimani bila dereva kujua sababu. Pili, nyuso zake huungua, hasa kondensa inapokuwa dhaifu, na kondensa nyingi zinazouzwa sasa hazistahimili joto. Nimeona mafundi wakizisugua kwa msasa na kupima uwazi kwa kipande cha kasha la sigara. Gari huwaka, lakini baada ya wiki chache linaanza tena kumisi.

Kifaa chenyewe ni vipande viwili: pete yenye sumaku nne, inayovalishwa kwenye shafti chini ya rota (kipande kinachozunguka kugawa moto), na kihisi kidogo kinachofungwa pale platini ilipokuwa. Waya mwekundu huenda kwenye chanya ya koili, inayokuza umeme wa betri uwe cheche, mweusi kwenye hasi. Kazi ya kufunga haikuzidi saa moja, kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ikapimwa upya kwa taa yake, hatua ambayo haipaswi kurukwa.

Hata hivyo, kabla ya kukifunga nilimpelekea mchongaji vyuma distributa nzima, kwa sababu nilipoishika shafti kwa vidole viwili ilicheza upande kwa upande. Bushi, pete inayoishika shafti, ikiwa imelika, moto utaendelea kuyumba hata ukiweka kifaa cha bei kubwa kiasi gani, na nadhani wengi wanaolalamikia vifaa hivi wana distributa za namna hiyo. Nilibadilisha pia waya wa hasi unaounganisha injini na bodi, uliokuwa umeota kutu ya kijani chini ya boliti.

Kifaa cha kwanza kiliungua. Fundi aliyekuwa akitafuta hitilafu ya taa za nyuma aliacha swichi ya kuwashia gari imefunguliwa karibu nusu saa huku injini imezimwa, koili ikachemka kiasi cha kutogusika, na kihisi kikafa. Jambo hilo lilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini halikuandikwa mahali popote.

Cha pili kimekwisha tembea kilomita 11,000. Asubuhi gari huwaka kwa mzunguko wa kwanza au wa pili, na Mlima Kitonga, kule Iringa, limeupanda likiwa na mzigo bila kumisi hata mara moja, mahali ambapo zamani nilizoea kusimama kusubiri koili ipoe. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi ninachoweza kukipima. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba betri ikiwa imechoka sana, kihisi hakifanyi kazi, wakati platini ingeweza kutoa cheche hata gari likisukumwa. Kwa hiyo alteneta na betri viwe vizima kwanza.

Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya platini, nami ningekinunua tena. Sahani ya zamani ya distributa, ikiwa na platini na kondensa yake na uwazi umeshapimwa, nimeifunga kwenye kitambaa chenye grisi ndani ya dashibodi; ikibidi, hurudishwa kwa bisibisi moja kando ya barabara.