Eti kichwa changu ndicho kibovu

Nimekaa na hasira hizi siku kadhaa nikidhani zitapoa. Hazijapoa.

Nilinunua helmeti ya kuendeshea skuta ya umeme. Habari za uzito na matundu ya hewa mtazisoma wenyewe kwenye boksi. Mimi nina neno na kile kidude cha kuzungusha cha kisogoni, kinachokaza helmeti ishike kichwa. Ukiwa umesimama dukani kinalia kri-kri-kri, unajiona umevaa kitu cha maana. Ukiingia barabarani, kila tairi likigonga kashimo kinalegea kidogo. Na tairi za skuta mnajua zilivyo ndogo, hazisamehe hata ufa wa lami. Kabla sijafika ninakokwenda, helmeti imeshateleza nyuma, paji la uso lote liko nje linapunga upepo.

Nikairudisha. Kijana wa kaunta macho yote kwenye simu. Akakizungusha mara mbili, akanisukumia. "Kaka, helmeti haina shida. Kichwa chako ndicho kina shida."

Mbele za watu! Kuna mama alikuwa anamchagulia mwanawe pedi za magoti, akageuka kukitazama kichwa chenyewe.

Kinachoniuma zaidi, ukiacha adabu, alikuwa na nusu ya ukweli. Kuna vichwa vya mviringo na kuna vilivyorefuka kutoka paji kwenda kisogoni, na watu wawili wenye kipimo kilekile cha futi ya kamba wanaweza wasivae helmeti moja. Sasa si ndiyo kazi yako kuniambia siku ya kwanza? Siku ile hakupima chochote. Alinipa kubwa, eti "upate hewa". Hakuniambia niivae bila kufunga kamba, niiname, nitikise kichwa nione kama inabaki. Badala yake akanionyesha kibandiko cha EN 1078, kile kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli. Kibandiko nakiheshimu, ila waliopima hawakukitumia kichwa changu.

Wiki moja baadaye, au zaidi kidogo, nikaanguka. Tairi la mbele lilizama kwenye ufa, mikono ikatangulia (mpaka leo siwezi kufungua chupa), kichwa kikafuata. Na hapa ndipo ninapojichanganya. Nilitua kwa ubavu wa kichwa, palepale helmeti ilipokuwa bado imefunika. Ganda la nje lina mchubuko tu. Ndani, lile povu gumu limebonyea na kukatika kama biskuti. Povu hilo kazi yake ni mara moja, likishabonyea halirudi, kwa hiyo helmeti ndiyo imekwisha. Kichwa changu kibovu hakina hata nundu. Ningeangukia paji, sijui.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilishaweka moja. Nilipoliona lile povu nikapandisha hadi nne. Nikakikumbuka kidude, nikashusha hadi mbili. Msinunue. Au nunueni, kama kichwa chako ni cha mviringo na barabara yako haina mashimo.

Juzi nimerudi kutafuta glavu zenye kinga ya kifundo cha mkono. Kaunta ileile, kijana yuleyule. Safari hii macho aliinua.

"Aah, kaka wa kichwa! Karibu."

Nyota ni moja.