Tumeuza jengo la familia Kariakoo kupitia kampuni ya udalali, nawapa nyota nne

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata nitasema imeenda wapi. Jina la kampuni siliweki kwa sababu kuna mabaya nitayasema humu, ila nadhani mwenye nyumba yoyote ya mjini anayefikiria kuuza atapata kitu.

Jengo lenyewe ni lile la kawaida la Kariakoo, babu alianza na nyumba ya chini, baba akaja kupandisha ghorofa moja, kwa hiyo chini ni fremu za biashara, juu vyumba vya kupanga na stoo za watu wa nguo. Baba alipofariki ndo ikaamuliwa liuzwe, wagawane, kila mtu ashike chake. Na kabla ya kampuni walishapita madalali wa mtaani, jamani wale! Kila mmoja anakuja na bei yake, kila mmoja kaweka cha juu chake, picha za nyumba yetu zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na bei tatu tofauti, sasa mnunuzi mwenye hela zake akiona hivyo anajua hapa kuna utapeli anapita hivi.

Kampuni ilivyokuja cha kwanza walichoomba ni hati, picha wala hawakuzigusa. Wakakuta hati bado ina jina la marehemu, wakasema hapa hatutangazi chochote mpaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama jina lake liingizwe kwa Msajili wa Hati, warithi wote wasaini kwamba wanakubali, deni la kodi ya pango la ardhi lilipwe, na mpima aje ahakiki mawe ya mipaka maana ukuta wa jirani ulikuwa unatia mashaka. Ndugu wengine walinuna, waliona tunacheleweshwa. Mimi kampuni niliwaelewa kabisa, kwa sababu ardhi Tanzania ni ya umma chini ya Rais, unachouza wewe ni haki ya kumiliki kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati pamoja na ulichojenga juu yake, kwa hiyo mtu anayetaka kusimamisha ghorofa kumi kwa mkopo wa benki lazima aulize miaka imebaki mingapi, na majibu yasipokuwepo anakata bei au anaondoka.

Kwenye bei ndo nilipoona wanajua kazi. Sisi tulikuwa tunapiga hesabu ya kodi, fremu zinaingiza kiasi gani kwa mwaka, vyumba vya juu kiasi gani, tunazidisha basi. Wao wakaleta mthamini aliyesajiliwa akaandika thamani mbili, moja ya jengo kama lilivyo na kodi zake, nyingine ya kiwanja kama kiwanja, yaani pakivunjwa hapa unaruhusiwa kupandisha nini. Wakaenda mpaka mipango miji kwenye halmashauri ya jiji kuulizia matumizi yaliyoruhusiwa na urefu unaokubalika, wakarudi na majibu ya maandishi kwamba makazi na biashara hamna shida. Ile karatasi ilifanya kazi kuliko tangazo lenyewe! Mnunuzi asipojua ataruhusiwa kujenga nini anaihesabu hiyo hofu kwenye bei na anayeibeba ni muuzaji, sasa tulipoiweka mezani ofa zikaanza kupanda zenyewe.

Kuna jambo moja nawaheshimu nalo mpaka leo. Dalali mmoja wa mtaani alikuwa anatangaza "jengo imara, unaongeza ghorofa mbili juu unaendelea". Kampuni wakaita injinia, akaangalia nguzo na msingi akasema hapa usiongeze hata tofali. Wakakataa kuandika hiyo sentensi, wakaandika wazi kwamba jengo ni la kuvunjwa na kujengwa upya, japo kwa kufanya hivyo walipoteza wanunuzi waliotaka njia ya mkato. Na walikuwa sahihi. Mwaka 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo Kariakoo hapahapa, watu waliokuwa kwenye biashara zao asubuhi ya Jumamosi wakafukiwa. Mtu anayekuuzia maneno ya kuongeza ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya chini anauza roho za watu wa fremu, siwezi kulisema hilo taratibu.

Ubia pia walitueleza, kwamba familia itoe kiwanja, mwekezaji ajenge, mgawane sakafu, na sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Mama alikataa, ana umri wake, hataki kusubiri jengo liishe, anataka hela wanawe wapate akiwa anaona. Sawa.

Sasa nyota iliyokatwa. Wapangaji. Kampuni walikuwa wanaleta wateja saa za biashara, futi kamba mkononi, wanapima mbele ya fremu za watu bila kuwaambia chochote, na wale watu wengine waliingia kwa kulipa kilemba kikubwa, yaani hela ya kuachiwa fremu, kwa mpangaji aliyetoka. Uvumi ukapita mtaa mzima kwamba wanatolewa wiki ijayo, wengine wakagoma kulipa kodi, mmoja akaja kwa mama nyumbani analia. Hiyo haikubaliki hata kidogo, mtu kakaa na marehemu baba kwa amani miaka yote hiyo leo asikie kwa wapita njia? Dada yangu mkubwa ndo aliwaita wote wakakaa chini, wakaambiwa ukweli, kila mmoja akapewa notisi ya maandishi kulingana na mkataba wake. Kazi hiyo ilikuwa ya kampuni.

Malipo yalienda vizuri. Hela ya mwanzo ilikaa kwenye akaunti ya mwanasheria, iliyobaki ikaingia uhamisho wa hati kwenda kwa mnunuzi ulipokubaliwa. Kodi ya ongezeko la mtaji, ile anayolipa muuzaji, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, lakini babu hakuacha risiti ya hata mfuko wa saruji, na tangu mwaka 2022 mtu binafsi asiye na kumbukumbu za gharama anakatwa asilimia 3 ya thamani, kwa hiyo sisi tukaenda na hiyo, kampuni ndo walitushtua mapema. Ushuru wa stempu akalipa mnunuzi.

Kamisheni ilikuwa asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba, hamna cha juu. Ukiletewa mkataba wa kuwapa wao peke yao soma kile kifungu cha muda, wetu ulikuwa unajirudia wenyewe ukiisha bila taarifa, tulisema kifutwe na wakakifuta palepale bila ubishi.