Kifaa cha sikioni mwa mwanangu nakipa nyota tano, yule kijana wa kompyuta simpi hata nusu

Naandika hasira haijaisha, kwa hiyo anayetaka bei na dhamana akawaulize wauzaji. Mimi nina kipimo kimoja na mtu mmoja tu wa kusimulia.

Mwanangu wa mwisho hakuzaliwa na usikivu. Hapa Tabora shule ya viziwi ipo tangu 1963 na nisingeona aibu kumpeleka, ila tuliambiwa akiwahi kupandikizwa kile kifaa cha koklea, yaani sehemu ya ndani kabisa ya sikio inayopokea sauti, kinachoamsha neva (mshipa wa fahamu) ya kusikia kwa umeme, anaweza kupata lugha ya kuongea. Siku hizi si lazima India, Muhimbili walianza kupandikiza 2017. Kliniki ninayoilalamikia mimi ni nyingine kabisa, jina nalimeza. Upasuaji wenyewe sina neno nao.

Neno ninalo kwenye kurekebisha sauti. Mtoto mdogo hawezi kukwambia "hii imezidi, punguza". Kwa hiyo wanamwekea kile kisahani cha nje chenye sumaku kichwani, waya unaingia kwenye kompyuta, halafu kifaa kinajipima chenyewe: kina elektrodi, yaani vincha vidogo vya umeme vilivyopangwa ndani ya sikio; moja inatoa umeme kidogo, nyingine ya jirani inasikiliza neva ya kusikia imejibu nini. Jibu linakuja ndani ya milisekunde moja, dogo la kupimwa kwa maikrovolti, na kwenye skrini unaona mstari umezama halafu umepanda. Umeme ukiongezwa, na jibu linakua. Siku ya kwanza kuliona nililia, sitanii. Tulikuwa tunagonga masufuria kisogoni kwake, baba yake anasema kageuka, mimi nasema hajageuka. Kumbe neva ipo, inajibu, na mtoto mwenyewe kasinzia magotini kwangu.

Basi tukarudi safari nyingine, basi la usiku, miguu imevimba. Tukamkuta kijana mmoja, umri wa mwanangu wa kwanza. Hakuniamkia. Sawa, tuliachie hapo, watoto wa mjini. Akaanza kupima elektrodi moja moja. Alipofika za katikati nikaona jicho la mtoto, upande uleule wa kifaa, linakonyeza. Akibonyeza, linakonyeza. Akibonyeza tena, na pembe ya mdomo inavutika. Nikamwambia, "Samahani daktari, hebu muangalie usoni."

Hakugeuza shingo. "Mama, mashine haidanganyi. Neva inajibu vizuri sana. Huyo ana usingizi."

Nikarudia. Akasema, "Mama, kila mtu na kazi yake."

Kila mtu na kazi yake! Yangu ikawa kurudi Tabora na mtoto ambaye mlango wa bati ukibamizwa, jicho linaruka, kisha anang'oa kile kisahani na kukitupa. Mara moja nimekiokota kwenye beseni la unga. Majirani wakaanza kuniuliza kama ana degedege.

Tulipobahatika kurudi tukapokelewa na dada mmoja, mtu mzima kidogo. Yeye alimkalisha mtoto akamwangalia uso kabla ya kufungua kompyuta. Akanieleza kwamba neva inayochezesha misuli ya uso inapita jirani kabisa na koklea, na umeme wa kifaa ukivuja kuifikia, uso unacheza. Ni jambo wanalolijua, hutokea. Ule mstari wa kwenye skrini unasema neva ya kusikia imeitika. Hausemi kama mtoto anastahimili. Ni mahali pa kuanzia, halafu unamtazama mtoto. Akazima elektrodi moja, akapunguza umeme wa jirani zake, zilizobaki zikaendelea na kazi. Jicho likatulia palepale. Muda wote ule tumeteseka kwa jambo la dakika chache!

Binamu yangu, ili kunipoza, akanitumia habari za vifaa vya uti wa mgongo kwa wenye maumivu sugu: vinasoma jibu la neva kila vinapopiga umeme na kujirekebisha vyenyewe, Marekani viliidhinishwa 2022. Nimefurahi kwa ajili yao. Lakini mwenye mgongo ana mdomo, ikizidi atapiga kelele. Wangu alikuwa na jicho tu, na aliyelipwa kuliangalia alikuwa anaangalia mstari.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Halafu juzi mtoto akiwa chini ya mwembe, kanipa mgongo, nikamwita kwa sauti ya kawaida tu, akageuka. Nikaandika tano. Nikakumbuka lile beseni la unga, nikafuta. Kifaa hakina kosa, na kipimo nacho hakina kosa, ni kizuri mno, pengine ndiyo maana kinawalevya. Haya, tano kwa kifaa, ibaki hivyo. Kliniki naipa nyota mbili, na hizo mbili zote ni kwa ajili ya yule dada.

Safari ijayo nimeomba tupangiwe yeye, hata ikibidi kusubiri. Video ya lile jicho ninayo kwenye simu. Nikimkuta yule kijana nitamwekea juu ya kibodi yake, na safari hii atageuza shingo.