Westigeti ya ukubwa gani inafaa gari la turbo la barabarani: mwongozo kwa wanunuzi wa Mtwara na Lindi

Mwenye gari anapoamua kubadilisha turbo au kufungua ekzosi, kifaa anachokikumbuka mwisho kabisa huwa ni westigeti, yaani kile kilango kinachopitisha pembeni sehemu ya moshi wa injini bila kuizungusha turbaini (gurudumu la turbo linaloendeshwa na moshi huo), ili presha ya hewa inayosukumwa ndani ya injini isipande kuliko ilivyokusudiwa. Kwa maoni yangu kingefaa kufikiriwa mwanzo, kwa sababu turbo iliyozidi kidogo humchelewesha dereva tu, ilhali westigeti isiyotosha inaweza kutoboa pistoni.

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kudhani kwamba gari lenye nguvu zaidi ndilo linalotaka westigeti kubwa zaidi. Kinachopimwa si nguvu bali ni moshi wa ziada, ule ambao turbaini haiuhitaji. Injini kubwa yenye turbo ndogo na presha ya chini, tuseme bar 0.5, ina moshi mwingi wa kupitisha pembeni, hivyo inataka kilango kipana. Injini hiyohiyo ikipandishwa hadi bar 1.5 itautumia moshi mwingi zaidi kuzungusha turbo, na kilango kidogo kinaweza kuitosha. Anayetaka gari tulivu la kwendea kazini ndiye mwenye haja zaidi ya milimita za kilango.

Sisi tulio usawa wa bahari tuna jambo letu la ziada. Hewa ya Mtwara na Lindi ni nzito kuliko ya Iringa au Mbeya, kwa hiyo turbo inafikia presha ileile bila kufanya kazi kubwa, injini inatoa moshi mwingi zaidi, na kiasi cha kupitishwa pembeni kinaongezeka. Gari lililotulia vizuri nyanda za juu linaweza kuanza kupandisha presha lenyewe likifika huku, hasa usiku hewa inapopoa.

Hilo nililiona kwenye Subaru Forester yangu baada ya kufungiwa bomba pana la ekzosi kwenye gereji ambako hakuna aliyeuliza habari za westigeti. Usiku mmoja kati ya Mikindani na Mingoyo, mguu ukiwa palepale, sindano ya geji ilisimama kwenye bar 0.8 injini ilipokuwa mizunguko 3,500 kwa dakika, kisha ikaanza kupanda taratibu: 0.9, 1.0, 1.1. Ilipokaribia 1.2 kompyuta ikakata mafuta na gari likashtuka kama lililogonga tuta. Bomba pana lilikuwa limepunguza ukinzani nyuma ya turbaini, turbaini ikapata wepesi, na tundu dogo la kiwandani likashindwa kupitisha kilichobaki.

Kwa injini za petroli za lita 2.0 hadi 2.5, kama EJ20 ya Subaru na 1JZ-GTE ya Toyota, mpangilio wangu ni huu.

Nafasi ya kwanza naipa westigeti ya ndani iliyokuja na turbo yenyewe, tundu lake likiwa limetanuliwa. Mwenye turbo ya kiwandani hana sababu ya kununua kitu kingine kabla ya kujaribu hili. Fundi mwenye grinda ndogo hulipanua tundu na kulainisha kona upande ambao moshi unaingilia, akiacha ukingo wa kutosha ili kifuniko kikae na kuziba pande zote. Ukingo ukiisha, moshi utavuja na turbo itachelewa kuamka. Kwangu mimi milimita chache zilitosha, na sindano sasa haivuki 0.85.

Ya pili, na ya kwanza kwa aliyefunga turbo isiyo na westigeti ya ndani, ni ya nje, ile inayofungwa kwenye manifodi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye injini), ya milimita 44 au 45. Kati ya 38 na 44 macho huona milimita sita tu, lakini eneo la kupitisha moshi linaongezeka kwa takribani theluthi, kutoka milimita za mraba 1,134 hadi 1,521. Ukisitasita kati ya saizi mbili, chukua kubwa: kilango kikubwa kinaweza kufunguka kidogo, lakini kidogo kilichokwisha kufunguka chote hakina cha kuongeza.

Ya milimita 38 au 40 inakuja ya tatu, nayo inamfaa mwenye lita 2.0 anayekusudia presha ya zaidi ya bar 1 kila siku. Mbili za 38 zinafaa manifodi iliyogawanywa njia mbili, ila gharama inakuwa mara mbili. Ya milimita 60 ni ya magari ya mashindano, na kwa barabara zetu siipendekezi.

Ukubwa, hata hivyo, haufidii uchomeleaji mbaya. Westigeti ya 44 iliyochomelewa kwa pembe mraba, moshi ukilazimika kugeuka ghafla ili kuifikia, inaweza kushindwa na 38 iliyowekwa pale mabomba yote ya manifodi yanapokutana, ikifuata mwelekeo wa moshi. Mwonyeshe mchomeleaji mahali hapo kwa kidole kabla hajawasha mashine.

Springi ya westigeti, ile inayokibana kilango kisifunguke mapema, ichaguliwe kwa presha ya chini kabisa utakayoitumia, kwa kuwa kidhibiti cha presha kinaweza kuipandisha juu ya springi, kwa kawaida hadi karibu mara mbili yake, lakini hakiwezi kuishusha chini yake.

Kifaa kikitumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, kipime kabla ya kukifunga, maana feki ni nyingi. Unganisha mpira kutoka pampu ya baiskeli yenye geji kwenye tundu la pembeni la westigeti, pandisha polepole, na utazame valvu, yaani kilango chenyewe, inaanza kunyanyuka kwenye presha gani. Springi ya bar 0.7 inayofunguka kwenye 0.4 irudishwe. Kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio ya kifuniko na uache presha ikae dakika moja, kwa sababu kiwambo cha mpira kinachoinua valvu, kikiwa kimepasuka, humaanisha presha isiyo na mpaka. Kwa chumvi ya hewa yetu, chagua klampu na boliti za chuma kisichoshika kutu, la sivyo siku ya kubadilisha springi utalazimika kuzikata.

Bomba la kutolea moshi wa westigeti lirudishwe kwenye ekzosi, mbali kidogo na turbaini. Likiachwa wazi, mlio wake utawaamsha majirani wa Shangani na Ligula kila unaporudi nyumbani usiku.