The Gingerbread Man ya David Wood: tamthilia ya watoto inayorudisha gharama yake, ukijua pa kubana na pa kutobana

Vikundi vingi vinavyotafuta tamthilia ya muziki kwa watoto wa miaka 5 hadi 10 huishia na maandiko ya aina mbili: yenye mafunzo mengi na vitendo haba, au yanayotaka waigizaji 25 ili kila mzazi amwone mwanawe jukwaani. The Gingerbread Man haimo upande wowote. Inataka waigizaji 6, mandhari moja, mpiga piano, na watu wawili wa kutoa sauti nyuma ya jukwaa. Kwa kikundi cha watu wazima, au cha vijana wa sekondari na vyuo wanaowaigizia wadogo zao, ni vigumu kupata nyingine ya ukubwa huu iliyosukwa vizuri hivi. Kwa shule inayotaka darasa zima lipande jukwaani, haifai; msiinunue.

Hadithi inatokea juu ya kabati la vyombo, jikoni. Herr Von Cuckoo, ndege wa mbao anayechomoza kwenye saa ya ukutani kila saa inapogonga, amepoteza sauti. Wenye nyumba, ambao vyombo vinawaita Wakubwa, watamtupa kwenye pipa la taka. Salt na Pepper, yaani chombo cha chumvi na cha pilipili manga, wanahangaika kumsaidia. Biskuti ya tangawizi yenye umbo la mtu, iliyookwa muda si mrefu, inajitolea kupanda rafu ya juu kuleta asali ya kulainisha koo. Huko juu, ndani ya buli, anaishi The Old Bag, mfuko wa majani ya chai, mpweke na mkali, asiyetaka kuguswa wala kutembelewa. Na kabatini humo anazunguka Sleek, panya mwenye njaa, ambaye machoni pake biskuti ni mlo tu.

Kila mhusika hapo ana haja ambayo mtoto wa miaka 5 anaielewa bila kuelezwa. Mmoja anaogopa kutupwa, mwingine anaogopa kuliwa, mwingine amekaa peke yake mpaka ameota ukali, mwingine ana njaa. Sleek hana uovu wa kuzaliwa nao. Mwigizaji anayekunja uso na kunguruma mwanzo hadi mwisho anawafunga watoto ndani ya hofu moja, na baada ya dakika kumi hofu hiyo inageuka kelele. Acheze njaa: anuse, ahesabu hatua, amtazame biskuti kama mtu anavyotazama sahani ya jirani. Hapo ukumbi utacheka na kuogopa kwa pamoja.

Usukaji huo una chimbuko lake. Wood, aliyezaliwa mwaka 1944, alikuwa mwigizaji tangu akiwa mwanafunzi Oxford, na wengi walimwona katika filamu If.... ya mwaka 1968. Tamthilia yake ya kwanza ya watoto ilionyeshwa Worcester mwaka 1967. Hii ilipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1976, katika ukumbi wa Towngate, Basildon, alikuwa na karibu miaka kumi ya kuandika kwa ajili ya watoto huku akiendelea kuigiza. Mwaka 1979 yeye na John Gould waliunda kampuni ya Whirligig, iliyozungusha tamthilia za watoto katika kumbi kubwa za Uingereza. Mtu anayezunguka na mizigo yake hajazi maandishi yake vitu visivyobebeka. Angalieni orodha ya vifaa: kila kitu kilichotajwa kina kazi.

Sasa ugumu wake. Kitu kinachoangusha maonyesho mengi ya tamthilia hii ni ushiriki wa watoto. Wood hawaachii watoto kazi ya kupiga makofi na kuitikia tu. Anawapa kazi ambayo hadithi inaihitaji. Waigizaji wanawageukia watoto wakiwa wamekwama kweli, na ukumbi ukikaa kimya hadithi inasimama. Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni mwigizaji kuomba msaada kwa sauti ya mwalimu. Watoto wa shule zetu wamezoea kuitikia kwa pamoja, wakisikia sauti ile watajibu "Ndiyooo!" ya darasani, iliyonyooka na isiyo na roho. Mwigizaji aulize kwa sauti ya chini, akiwa na shida, akimtazama mtoto mmoja safu ya tatu, kisha mwingine upande wa pili. Jibu litapanda lenyewe. La pili ni kushindwa kuzima moto uliouwasha. Watoto 300 waliokwisha kupiga kelele hawanyamazi kwa kuambiwa "shhh". Wanyamazisheni kwa tukio jipya: mlango unagonga, mwanga unabadilika, mtu anaanguka. Wood mwenyewe analishikilia sana jambo hili katika kitabu chake cha ufundi, Theatre for Children, alichokiandika akisaidiana na Janet Grant: mambo ya ghafla yawe mengi, yafuatane kwa karibu, na kila moja ligeuze mwelekeo wa macho ya mtoto. Mwongozaji achukue penseli, apige alama kwenye kila ghafla iliyomo katika maandishi, kisha azifanyie mazoezi pekee yake kwa kasi isiyobadilika, kama mtu anavyofanya mazoezi ya ngoma.

Na msiingie usiku wa kwanza bila kuwa na watoto kwenye mazoezi. Wiki ya mwisho iteni watoto 30 hivi wa umri unaolengwa, mfanye mchezo mzima bila maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Mtajua papo hapo ni wapi wanakohoa na wapi wanasimama juu ya viti.

Mandhari ndipo fedha zinapokwenda. Chombo cha chumvi cha kawaida kina urefu wa sentimita 11 au 12. Mwigizaji ana sentimita 165 hadi 170. Kwa hiyo kila kitu kinakuzwa mara 14 hivi. Kijiko cha chai cha sentimita 13 kinakuwa mita 1.8. Kikombe cha sentimita 8 kinamfika mtu kifuani. Sahani ya sentimita 25 inakuwa mita 3.5, na hapo ndipo mafundi wanapochanganyikiwa, kwa sababu hakuna ukumbi wa shule unaomeza sahani sita za namna hiyo. Msizijenge. Zichoreni nusu kwenye ukuta wa nyuma, zikatwe na ukingo wa rafu. Jicho la mtoto litamalizia. Vijengwe vile tu vinavyoguswa: saa na mlango wake, buli, mtungi wa asali, kikombe kimoja au viwili.

Rafu ya juu kwa kipimo halisi ingekuwa mita 4 kwenda juu. Ifanyeni mita 2.2, inatosha kabisa. Isimamisheni juu ya mabomba ya ujenzi yaliyofungwa kwa vibanio vyake, na sakafu yake iwe plaiwudi ya milimita 18 juu ya mbao zilizopangwa kila sentimita 40. Juu yake watasimama watu wawili au watatu, wakicheza na kukimbizana. Mbao za kuunga kwa misumari peke yake zinalegea kufikia onyesho la tatu. Kamba au uzi mkubwa unaoonekana kupandiwa usibebe mtu. Wekeni ngazi imara nyuma ya buli na mwigizaji aigize kupanda.

Kuna hesabu moja ambayo husahaulika hadi siku ya onyesho. Mtoto aliyekaa sakafuni macho yake yako sentimita 70 kutoka chini. Jukwaa likiwa na kimo cha sentimita 90, rafu ikiwa mita 2.2 juu yake na mita 3 nyuma ya ukingo wa jukwaa, mtoto aliyekaa mita 2 kutoka jukwaani hamwoni mwigizaji wa juu kuanzia magotini kushuka chini akirudi nyuma mita moja tu. Sogezeni safu ya kwanza hadi mita 5, atapoteza sentimita 30 pekee. Nafasi inayobaki mbele ni gharama ya tiketi kadhaa, lakini tukio la asali lote liko huko juu.

Maleba: uso wa biskuti uachwe wazi. Barakoa ya sponji inapendeza kwenye picha, lakini inameza sauti na kuficha macho, na macho ndiyo yanayowashika watoto. Sponji ya sentimita 2 mwilini inatosha kuleta unene. Ikizidi hapo, mwigizaji wa Mombasa au Dar es Salaam atakuwa amelowa kabla ya wimbo wa pili. Andaeni fulana tatu za ndani za pamba kwa kila onyesho. Salt na Pepper wakae ndani ya umbo la chombo bila kufungwa mikono, na upana usizidi sentimita 60, ili wapite mlango wa nyuma ya jukwaa bila kugeuka ubavu.

Sauti za Wakubwa nyingi hurekodiwa. Msirekodi. Sauti iliyorekodiwa haisubiri ukumbi utulie, na maneno yanayobeba hadithi yanazama kwenye kelele. Watu wawili nyuma ya pazia wenye maikrofoni, wanaomwona msimamizi wa jukwaa, watasubiri sekunde nne zinazohitajika. Kwa sababu hiyohiyo piano ya moja kwa moja ni bora kuliko muziki wa kwenye simu, hata mpigaji akiwa wa kiwango cha kati. Taa zisizimwe kabisa hata mara moja. Acheni asilimia 10, la sivyo wadogo wataanza kulia na kilio kinaambukiza.

Kasoro zipo. Ni ndefu: pamoja na mapumziko inakaribia saa mbili, na mtoto wa miaka 4 hafiki mwisho akiwa sawa. Sehemu ya kichekesho inategemea lafudhi, ya Kijerumani kwa ndege na ya Kimarekani kwa panya, na watoto wasiozijua lafudhi hizo watabaki wanatazama tu. Mwili wa mwigizaji ubebe kichekesho hicho badala ya ulimi. Saa yenye ndege nayo si kifaa cha nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kwa hiyo ndege achomoze na kulia, au kushindwa kulia, mapema na kwa uwazi, ili kila mtoto ajue kazi yake ni ipi kabla shida haijaanza kujadiliwa.

Mwenye hadhira ya watoto wa miaka 3 na 4 aangalie badala yake utoaji wake Wood wa The Tiger Who Came to Tea, wa mwaka 2008: waigizaji 3, chini ya saa moja, hakuna mapumziko. Mwenye kikundi kikubwa na fundi wa vikaragosi atazame The BFG, nayo ya Wood, ya mwaka 1991, ambamo jitu anachezwa na mtu huku msichana akiwa kikaragosi, na baadaye vipimo vinageuzwa. Kati ya hizo, hii ya biskuti ndiyo inayosamehe zaidi kikundi chenye mfuko mdogo.

Kuhusu haki: maandishi yalichapishwa na Samuel French, ambayo sasa iko chini ya Concord Theatricals, na leseni huombwa huko. Nunueni kwanza nakala moja ya kusoma. Ombi litaje ukumbi, idadi ya viti, bei ya tiketi na idadi ya maonyesho, na vitabu vya muziki viulizwe pamoja nalo kwa sababu si sehemu ya maandishi. Leseni ya kuigiza haitoi ruhusa ya kutafsiri wala kukata. Mnaotaka kuicheza kwa Kiswahili, ombeni ruhusa ya tafsiri kwa barua tofauti, miezi mingi kabla, na msichapishe bango lolote hadi majibu yote mawili yafike kwa maandishi.