Mtwara kwenda Dar: usimame wapi, wapi upitilize

Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550 na wengi wetu tunaipiga siku moja, unatoka alfajiri unashuka Mbagala umechoka hujaona kitu zaidi ya mikorosho na mgongo wa siti ya mbele. Sasa nyie mnaochangishana hela ya kukodi Noah, au mwenye kigari chake, nawapangia vituo vinavyolipa, maana ukisema usimame kila mahali utajikuta unalala Ikwiriri na hela imekata.

Namba moja Kilwa Kisiwani, hapo sibishani na mtu. Iko kama nusu ya njia, ukifika Nangurukuru unakunja kulia mpaka mji wa Kilwa Masoko, unachukua kibali na mtu wa kukutembeza, afu boti. Kule kuna msikiti mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11, kuna Gereza, ile ngome ya pale ufukweni, na kuna Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14 lenye bwawa la kuogea la pande nane, yani watu walikuwa wanakula maisha kitambo! Msafiri Ibn Battuta alipita 1331 akausifia mji, na UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 1981 pamoja na kisiwa jirani cha Songo Mnara. Kosa la watu ni kuilipia halafu wanakimbizana na saa. Hii inataka nusu siku, kwahiyo laleni Masoko, mvuke asubuhi kabla jua halijawa kali. Bei ya boti patana ya boti nzima, sio kichwa, na uliza kabisa kama kusubiri na kurudi imo humo humo. Mashua ya tanga ina raha yake ila upepo ukigoma mtakaa. Songo Mnara ni pazuri sana ila ni mbali na boti yake inauma, waachie wanaolala siku mbili.

Namba mbili Somanga, na hapa mnunuaji ni tumbo. Samaki wa kukaanga, chumvi na pilipili, basi. Chagua mwenyewe aliyetoka kwenye mafuta sasa hivi, yule aliyepangwa tangu asubuhi achana naye. Ukiwa kwenye basi usijiamini, mimi konda alisema dakika kumi, sijui alikuwa anahesabu kwa saa gani, nikakimbilia gari samaki mkononi chenji nimemwachia mama wa watu.

Tatu Kilwa Kivinje, kwasababu ukishakunja pale Nangurukuru haikuongezei gharama ya maana. Nyumba za zamani zinabomoka taratibu, na kuna Mwembe Kinyonga, Wajerumani walipowanyonga watu waliopinga utawala wao. Nusu saa inatosha, lakini ni nusu saa nzito.

Mikindani ningeipa namba ya juu kama ungekuwa unatokea Dar. Boma la Mjerumani la 1895, vichochoro vya zamani, na Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho 1866. Ila sisi ni pua na mdomo, daladala tu Jumapili jioni unaenda, kwanini uichome siku ya safari saa kumi na moja alfajiri kukiwa giza?

Lindi mjini ni chai na kunyoosha miguu ufukweni, songa.

Tendaguru, kile kilima cha huko Lindi, msidanganywe na jina. Ni kweli mifupa ya dinosaria ilichimbwa huko kati ya 1909 na 1913, ila ni mbali na lami na lile limjusi lenyewe limesimama Berlin, huko porini utaangalia nini?

Daraja la Mkapa pale Rufiji halina kiingilio, ni karibu kilomita nzima. Msisimamishe gari juu yake, dereva apunguze mwendo tu, na anayetaka kuona mto akae dirishani mapema maana abiria wote watalalia upande mmoja.