Ndizi mbivu kila asubuhi: mwezi mmoja baadaye

Nilianza kula ndizi asubuhi kwa uvivu tu: haitaki kisu, sahani wala kuoshwa. Mwezi umepita na bado sijaichoka.

Ndizi moja ya wastani ina kalori kama 105, nyuzinyuzi gramu 3 hivi, na potasiamu takriban miligramu 420, madini yanayosaidia misuli na shinikizo la damu. Nilichokiona mwenyewe ni kidogo zaidi: ile njaa ya saa nne imepungua, hasa nikiipaka siagi ya karanga. Peke yake hainifikishi mbali. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, maana potasiamu hiyo hiyo inaweza kumdhuru.

Kasoro yake kubwa? Haimsubiri mtu. Jumatatu kijani, Alhamisi madoadoa, Jumamosi nzi wameshajialika. Sasa naitenga na matunda mengine, kwa kuwa hutoa gesi ya ethilini inayoivisha majirani zake. (Parachichi gumu, hilo nalifungia nayo makusudi kwenye mfuko wa karatasi, siku mbili tatu limelainika.) Zilizoiva kupita kiasi namenya, nakata, nagandisha, kisha nasaga na maziwa. Sukari siongezi.

Ganda nalo nililijaribu kung'arishia viatu vya ngozi. Viling'aa dakika kumi, vikashika vumbi siku nzima. Maganda sasa yanaenda kwenye mboji, na nyota nazipunguza moja: nne kati ya tano.